Ipi kubwa: 60/33 au 61/34?

Msimu wa 1923/24 wa Ligi Daraja la Kwanza ya Uingereza ulikwisha timu mbili zikiwa zimebanana kileleni, kila moja na pointi 57. Huddersfield Town walikuwa wamefunga magoli 60 na kufungwa 33. Cardiff City, timu ya Wales, walikuwa wamefunga 61 na kufungwa 34. Ukitoa, kila timu ina ziada ya magoli 27. Kwa kanuni za leo kombe lingekwenda Wales, maana tofauti ya magoli ikilingana, anatazamwa aliyefunga mengi. Lakini wakati ule hawakuwa wakitoa, walikuwa wakigawanya: magoli ya kufunga kwa magoli ya kufungwa, na mwenye jibu kubwa ndiye bingwa. Bingwa akawa Huddersfield.

Siku ya mwisho Cardiff walitoka sare ya 0–0 na Birmingham, wakakosa penalti. Ingeingia, pointi zingemaliza kazi na hakuna ambaye angehitaji kushika kalamu. Ilipokosekana, ubingwa ukabaki mikononi mwa swali la darasani: ipi kubwa, 60/33 au 61/34?

Kwa macho tu swali hili halijibiki. Sehemu huandikwa kwa namba mbili, ila thamani yake ni moja. Namba ya juu, yaani kiasi, ikiongezeka, thamani inapanda. Ya chini, yaani asili, ikiongezeka, thamani inashuka. Hapa zimeongezeka zote mbili, moja inavuta juu na nyingine inavuta chini, na hujui nani kashinda mpaka upige hesabu. Mwanafunzi anayesema 1/8 ni kubwa kuliko 1/5 kwa kuwa 8 ni kubwa kuliko 5 wala si mvivu. Anatumia kanuni iliyomfaa tangu alipoanza kuhesabu, na pengine hakuna aliyemwambia kwamba kanuni hiyo haivuki kuingia kwenye sehemu.

Namba zote zinazoweza kuandikwa kama namba kamili juu ya namba kamili nyingine isiyo sifuri huitwa namba wiano. Humo zimo sehemu, zimo namba kamili zenyewe (7 ni 7/1), zimo desimali zinazokoma kama 0.45 na zinazojirudia bila kikomo kama 0.333..., pamoja na hasi zake zote. Chukua mbili zozote kati ya hizo: ama zinalingana, ama moja ni kubwa. Jibu lipo kila mara. Kazi ni kulifikia.

Njia isiyoshindwa ni kuzipa sehemu zote mbili asili moja. Asili inasema kizima kimekatwa vipande vingapi, kwa hiyo inatuambia kipande kimoja kina ukubwa gani. Vipande vya thelathini-na-tatu na vipande vya thelathini-na-nne havihesabiki pamoja kwa haki. Kwa hiyo tunazidisha 33 kwa 34 tupate 1122, kisha tunaandika upya: 60/33 inakuwa 2040/1122, na 61/34 inakuwa 2013/1122. Sasa vipande ni vya saizi moja, na mwenye vingi ndiye mkubwa. Huddersfield wana 2040, Cardiff 2013. Pengo ni 27/1122, kama 0.024 hivi. Kwa pengo hilo mtu aliitwa bingwa wa nchi.

Shuleni wengi tumefundishwa njia ya mkato: zidisha kwa mshazari, kiasi cha huku kwa asili ya kule, kisha linganisha majibu. 60 × 34 ni 2040, 61 × 33 ni 2013. Ni namba zilezile. Mkato huu ni asili moja ileile, ila 1122 imeachwa bila kuandikwa kwa kuwa ingekaa chini ya pande zote mbili. Anayelijua hilo hawezi kusahau jibu lipi ni la sehemu ipi: 2040 ni kiasi kipya cha 60/33, basi inabaki upande wa 60. Asiyelijua atakariri mishale, na siku ya mtihani mishale itampotea.

Njia nyingine ni kugawanya kabisa upate desimali: 1.818... na 1.794.... Ni nzuri ukiwa na kikokotoo, lakini uwe mwangalifu na kukadiria. Kwa nafasi moja ya desimali zote mbili zinakuwa 1.8, na bingwa anapotea.

Kuna jambo kuhusu namba hizi linalostahili kutazamwa. Cardiff ni sawa na Huddersfield aliyeongezewa sare ya 1–1: goli moja juu, goli moja chini. Mbona basi thamani imeshuka? Kwa sababu sare ya 1–1 peke yake ina uwiano wa 1/1, yaani 1, na kuichanganya na rekodi ya 60/33 kunaivuta rekodi hiyo kuelekea 1. Ndivyo ilivyo kila mara: ukiongeza namba ileile juu na chini, sehemu iliyo zaidi ya 1 inapungua, na iliyo chini ya 1 inaongezeka. 2/3 ikiwa 3/4 imekua. 5/4 ikiwa 6/5 imepungua. Kwa kanuni ile, sare ya magoli iliumiza wastani wa timu ya juu na kuinua wa timu ya mkiani, wakati 0–0 haikumgusa mtu.

Kanuni yenyewe ilikuwa na kasoro zake. Timu yenye 20 kwa 10 inalingana na yenye 60 kwa 30, ingawa ya pili imecheza soka la kutazamika. Na timu isiyofungwa hata goli moja ingekuwa na sifuri kwenye asili, mahali ambapo hesabu yenyewe inagoma. Ligi ya Uingereza iliiacha kuanzia msimu wa 1976/77 na kuhamia kwenye kutoa. Kwa maoni yangu walifanya vyema kwa mashabiki. Kwa walimu wa hesabu ilikuwa hasara.

Si kila ulinganisho unahitaji kuzidisha. Viasi vikilingana, tazama asili tu: iliyo ndogo ndiyo yenye thamani kubwa, kwa kuwa vipande vimekatwa vikubwa zaidi. Kenya ilishuhudia hili mwaka 2013 katika kesi ya urais. Uhuru Kenyatta alitangazwa kuwa na kura 6,173,433, na Katiba inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa. Zilizopigwa ni zipi? Ukiweka ndani na zilizokataliwa, asili ni 12,330,028, na sehemu yake ni asilimia 50.07. Ukizitoa zilizokataliwa, ambazo zilikuwa 108,975, asili inashuka hadi 12,221,053 na sehemu inapanda hadi asilimia 50.51. Kura za mgombea hazikuongezeka hata moja. Mahakama ya Juu iliamua kwamba zilizokataliwa zisihesabiwe kwenye asilimia, ingawa kwa namba zile alikuwa juu ya nusu kwa njia zote mbili: kwa njia kali zaidi, alivuka mstari kwa kura 8,419.

Nusu yenyewe ni kipimo kizuri cha haraka. 5/11 na 7/13 hazihitaji kalamu: nusu ya 11 ni 5.5, basi ya kwanza iko chini ya nusu. Nusu ya 13 ni 6.5, basi ya pili iko juu yake. Na zikiwa zote karibu na 1, angalia kinachopungua. 7/8 imepungukiwa na 1/8, 11/12 imepungukiwa na 1/12. Aliyepungukiwa na kidogo ndiye mkubwa.

Zikiwa zaidi ya mbili, ndipo asili ya pamoja inapolipa. Mwage seti ya spana za inchi mezani: 5/8, 7/16, 3/4, 1/2, 11/16, 9/16. Anayeanza kazi gereji huzijaribu kwenye nati moja baada ya nyingine. Ukizisoma zote kwa vipande vya kumi na sita zinakuwa 10, 7, 12, 8, 11, 9, na foleni inajipanga yenyewe: 7/16, 1/2, 9/16, 5/8, 11/16, 3/4. Kila moja inaizidi iliyotangulia kwa 1/16 kamili. Nati ikicheza kwenye 5/8, chukua 9/16. Ikigoma kuingia, chukua 11/16.

Lakini mahali ambapo hesabu hii imefanywa kwa umakini kwa karne nyingi, na inafanywa hadi leo katika pwani yetu, ni kwenye mirathi ya Kiislamu. Sura ya Nisaa inataja mafungu sita ya warithi: nusu, robo, thumni (1/8), theluthi mbili, theluthi na sudusi (1/6). Mume hupata nusu ikiwa marehemu hakuacha mtoto, na robo ikiwa ameacha. Mke hupata robo au thumni kwa sharti hilohilo. Msomi wa mirathi huanza kwa kutafuta namba moja itakayobeba mafungu yote ya kesi iliyo mbele yake, na kigawe kidogo cha shirika cha 2, 3, 4, 6 na 8 ni 24. Kwa vipande vya ishirini na nne, mafungu sita yanajipanga hivi: thumni ni 3, sudusi ni 4, robo ni 6, theluthi ni 8, nusu ni 12, theluthi mbili ni 16. Hapo hata asiyejua sehemu anaona nani amepata zaidi ya nani. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra Baghdad katika karne ya 9, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa hesabu za wasia na mirathi.

Utamu uko pale mafungu yanapozidi kizima. Amefariki mtu, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumni, yaani 3 kati ya 24. Mabinti wana theluthi mbili, 16. Baba ana sudusi, 4, na mama vilevile 4. Jumlisha: 27. Mali ni 24, madai ni 27. Wanazuoni huiita hali hii aul, na dawa yake ni kuigeuza 27 kuwa asili mpya. Kila mrithi anabaki na idadi yake ya vipande, ila vipande vyenyewe vinakuwa vidogo. Mke sasa ana 3/27, ambayo ni 1/9. Vitabu vya mirathi vinasimulia kwamba Ali bin Abi Talib aliulizwa kesi hii akiwa juu ya mimbari akajibu papo hapo kwamba thumni yake imekuwa tusui, yaani moja ya tisa, akaendelea na hotuba. Ndiyo maana kesi yenyewe huitwa ya mimbari.

Angalia kinachobaki na kinachobadilika. Kila fungu limepungua, maana asili imekua na viasi havikuguswa. Lakini mpangilio umebaki uleule: 3, 4, 4, 16. Aliyekuwa na mara nne ya mwenzake bado ana mara nne. Hasara imegawanywa kwa uwiano, na hakuna aliyemruka mwenzake kwenye foleni.

Desimali zina mtego mmoja mkubwa, na unawanasa hata watu wazima: kudhani 0.45 ni kubwa kuliko 0.6 kwa sababu 45 ni kubwa kuliko 6. Tarakimu ya kwanza baada ya nukta ni ya sehemu za kumi, na ndiyo inayoamua kwanza: 6 ni kubwa kuliko 4, yamekwisha. Ukitaka kuziona sawasawa, jaza sifuri, 0.45 na 0.60. Kujaza sifuri ni kuzipa asili moja, 45/100 na 60/100, kazi ileile tuliyoifanya kwa Huddersfield. Bahati mbaya dunia ya kompyuta imetuvuruga kidogo, maana programu yenye toleo la 3.10 hutoka baada ya 3.9. Ile si desimali. Ni namba mbili zilizotenganishwa na nukta, na inasomwa kama sura ya tatu, aya ya kumi.

Hasi ndizo zinazogeuza mambo. Kwenye mstari wa namba kanuni ni moja tu: aliye kushoto ni mdogo, aliye kulia ni mkubwa. 3/4 iko kulia kwa 2/3, mbali zaidi na sifuri. Zitie alama ya hasi zote mbili, zinaruka upande wa pili wa sifuri, na iliyokuwa mbali zaidi kulia sasa iko mbali zaidi kushoto. Basi −3/4 ni ndogo kuliko −2/3.

Miwani inalionyesha hili vizuri. Asiyeona mbali huandikiwa lenzi zenye namba hasi, kwa vipimo vya diopta vinavyopanda robo kwa robo: −1.50, −1.75, −2.00. Mwenye −2.25 ana lenzi kali kuliko mwenye −1.75, na watu watasema namba yake ni kubwa. Kwa lugha ya kila siku wako sahihi, kwa kuwa wanapima umbali kutoka sifuri. Kwa mpangilio wa namba, −2.25 ndiyo ndogo. Haya ni maswali mawili tofauti, ipi ina nguvu na ipi iko kulia, na makosa mengi ya hasi yanatokana na kuyajibu kama swali moja. Ukiwa na mchanganyiko kama −5/6, 0.4, −0.9, 3/8, zitenge kwanza. Hasi zote ziko nyuma ya chanya zote. Kisha panga kila kundi: −0.9, −5/6, 3/8, 0.4. Na kama hasi imekaa kwenye asili, ipandishe juu kabla ya kuzidisha kwa mshazari, la sivyo jibu litakuja kinyume.

Ukishaweza kupanga, litakujia swali la ajabu kidogo: baada ya 1/3, namba gani inafuata? Kwa namba kamili swali ni la mtoto, baada ya 3 ni 4. Kwa namba wiano halina jibu. Jaribu 1/2, nitakupa 2/5, iliyo katikati yao. Jaribu 2/5, nitakupa 3/8. Ukija na 3/8, nina 4/11. Kila unachotaja kama kinachofuata, kuna kingine kilichokutangulia. Unaweza kuzipanga zozote ulizopewa, lakini huwezi kuzisoma zote kwa foleni kutoka ndogo hadi kubwa, kwa sababu hakuna aliye na jirani.

Hizo za katikati nilizipata kwa kujumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili: 1/3 na 1/2 zinatoa 2/5, 1/3 na 2/5 zinatoa 3/8. Mwalimu wa shule ya msingi angekukata alama, kwani hivyo sivyo sehemu zinavyojumlishwa. Lakini matokeo yake hukaa katikati ya zile mbili daima. Na ukianza na 0/1 na 1/1 ukaendelea bila kuchoka, utapata kila sehemu iliyo kati yao, mara moja tu, ikiwa imesharahisishwa. Mwanahisabati Mjerumani Moritz Stern aliandika kuhusu mpangilio huu mwaka 1858. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1861, Achille Brocot naye akauchapisha, lakini huyu alikuwa fundi saa wa Paris, na shida yake ilikuwa gia.

Gia ina meno kamili, hakuna jino nusu. Tuseme fundi anahitaji uwiano wa 191/23. 191 ni namba tasa, haivunjiki kuwa gia mbili ndogo, na kuchonga gurudumu moja la meno 191 ni mateso. Anahitaji sehemu nyingine iliyo karibu sana na hiyo, yenye namba ndogo. Anaanza na mbili zinazoizunguka, 83/10 iliyo chini yake kidogo na 25/3 iliyo juu yake. Anajumlisha juu na chini: 108/13. Zidisha kwa mshazari uone ziko karibu kiasi gani: 191 × 13 ni 2483, 108 × 23 ni 2484. Imezidi kwa nywele. Na kati ya 83/10 na 108/13, ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na lengo, kwa pengo la 1/299 dhidi ya 1/230. Gurudumu la meno 108 dhidi ya la meno 13 linachongeka.